Bamburi: Timbo la saruji lililogeuka msitu

Msafiri anayetoka Mombasa kuelekea Malindi hupita, punde tu baada ya Nyali, karibu na msitu wa mivinje ambao mgeni angedhani uliota wenyewe. Sivyo. Msitu huo umesimama ndani ya timbo lililoachwa na wachimbaji wa mawe ya saruji.

Kiwanda cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka wa 1954. Malighafi yake ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, nayo yalichimbwa hadi karibu na maji ya ardhini, yenye chumvi. Kilichobaki ni mwamba mtupu, usio na udongo wala kivuli.

Mnamo 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kampuni hiyo, alianza kupanda miti humo. Aina 26 zilijaribiwa. Tatu pekee zilistahimili: mnazi, mti uitwao damas wenye asili ya pembe ya Afrika, na mvinje. Huu wa mwisho ndio uliouokoa mradi, kwa kuwa vijidudu vilivyo mizizini mwake hunasa nitrojeni kutoka hewani.

Hata hivyo, majani yake membamba yalirundikana bila kuoza. Suluhisho halikutoka maabara. Haller alibaini kwamba jongoo mwenye miguu myekundu huyala, akaagiza majongoo wakusanywe kwa wingi na kuachiliwa msituni. Kinyesi chao kikaanza kujenga udongo, na mimea mingine ikapata mahali pa kushika mizizi. Ni kazi ya miaka mingi, jambo ambalo wenye machimbo hupenda kulisahau wanapoahidi kufukia mashimo yao.

Umma uliruhusiwa kuingia mwaka wa 1984, na baadaye mahali hapo pakapewa jina la Haller Park. Umaarufu wake duniani ulitokana zaidi na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaandamana na kobe mzee aliyeitwa, kwa haki kabisa, Mzee.

Wageni hutembea kwa miguu kati ya mabwawa ya samaki, mamba na twiga wanaolishwa kwa mkono. Waendesha baiskeli wana vijia vyao katika sehemu nyingine ya machimbo hayo.