Utafiti unaoongozwa na Watwa wenyewe: Una maana gani kwa Gitega na Muyinga?

Watwa ni jamii ndogo kuliko zote nchini Burundi. Makadirio yanayotumiwa kwa kawaida yanawaweka katika kiwango cha takriban asilimia 1 ya wananchi wote, nyuma ya Wahutu na Watutsi. Kwa miongo mingi hali ya afya yao, ardhi yao na maisha yao imechunguzwa na kuandikwa na watu wengine. Hivi sasa namna tofauti ya utafiti inazidi kupata nafasi duniani: jamii ya asili ndiyo inayochagua swali, ndiyo inayokubali au kukataa mbinu, na ndiyo yenye kauli juu ya matumizi ya matokeo.

Makala haya yanaeleza utafiti wa aina hiyo unavyofanyika, mahali ulipokwisha kujaribiwa miongoni mwa Watwa wa Afrika Mashariki, na sababu zinazoufanya uwe na uzito katika maeneo ya Gitega na Muyinga.

Kutoka msituni hadi kwenye ufinyanzi

Mababu wa Watwa waliishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi, asali na dawa za misituni. Kadiri misitu ya Burundi ilivyokatwa ili kupisha mashamba na malisho, wengi waligeukia ufinyanzi. Vyungu vya kupikia, mitungi ya maji na vyombo vya pombe vilivyotoka mikononi mwao vilitumika katika nyumba za jamii zote.

Hata hivyo, kazi hiyo haikuwapa ardhi. Familia nyingi ziliishi kwenye viwanja vya wengine chini ya desturi ya ubugererwa, ambayo ilimfunga mkaaji kumtumikia mwenye shamba. Sheria ya mwaka 1977 iliifuta desturi hiyo, lakini watetezi wa haki za Watwa wamesema mara nyingi kwamba mabaki yake yaliendelea vijijini kwa miaka mingi baadaye.

Katika siasa, mabadiliko yalikuja na Katiba ya mwaka 2005, iliyotenga viti vitatu kwa Watwa katika Bunge la Taifa na vingine vitatu katika Seneti. Shirika la UNIPROBA, lililoasisiwa na Watwa wenyewe, limekuwa miongoni mwa sauti zao kuu. Mwezi Juni 2020, Imelde Sabushimike aliteuliwa kuwa waziri mwenye dhamana ya mshikamano wa kitaifa na haki za binadamu, akiwa Mtwa wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri.

Udongo, mabonde na afya

Gitega, katikati ya nchi, ndio mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019. Muyinga iko kaskazini-mashariki, mpakani na Tanzania, na tangu mageuzi ya utawala yaliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi mitano, imo katika mkoa mpya wa Buhumuza. Kote kuwili, milima imelimwa hadi kileleni na kila kipande cha bonde kina mwenye kukihitaji.

Udongo wa mfinyanzi hupatikana katika mabonde yenye majimaji. Mabonde hayohayo ndiyo yanayogeuzwa kuwa mashamba ya mpunga na mboga, na aghalabu mfinyanzi hana hati wala mkataba unaomlinda pale anapokatazwa kuchimba. Wakati huohuo, ndoo za plastiki na sufuria za alumini zimeshusha bei ya vyungu sokoni. Kaya isiyo na shamba na iliyopoteza udongo hubaki na vibarua vya siku.

Hapo ndipo mazingira na afya vinapokutana. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba takriban asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwezi Machi 2017 serikali ilitangaza mlipuko wa malaria. Tangu mwaka 2006 watoto walio chini ya miaka mitano na wanawake wanaojifungua hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, lakini mashirika ya Watwa yamekuwa yakieleza kwamba ndoa zisizosajiliwa na watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa huziweka familia nyingi nje ya huduma hizo.

Takwimu za taifa hazionyeshi jinsi mambo haya yanavyofungamana katika nyumba ya mfinyanzi. Mtafiti kutoka nje anaweza kuhesabu vyandarua. Mfinyanzi anaweza kuuliza iwapo mashimo ya udongo yaliyoachwa na kujaa maji ya mvua ndiyo mazalio ya mbu karibu na nyumba yake, moshi wa kuchomea vyungu unafanya nini vifuani mwa wanawake na watoto, au njaa inazidi mwezi gani tangu bonde lilipofungwa.

Utafiti huu hufanywaje?

Katika utafiti wa kawaida, swali na fedha hutangulia, na jamii huombwa majibu. Katika utafiti unaoongozwa na jamii ya asili, mpangilio hugeuka. Wazee, wanawake na vijana hukubaliana kwanza juu ya tatizo linalowasumbua. Idhini hutolewa kwa ngazi mbili: na jamii kwa pamoja, kisha na kila mtu kwa hiari yake, naye ana haki ya kujitoa wakati wowote. Vijana wa jamii hufunzwa kukusanya taarifa na kulipwa kwa kazi hiyo. Matokeo husomwa kwanza mbele ya waliotoa taarifa, kwa lugha yao, kabla ya kuchapishwa.

Mbinu zenyewe si ngeni: kuchora ramani ya mahali pa maji na udongo, kuandaa kalenda ya majira ya chakula na maradhi, kupiga picha zinazoeleza maisha ya kila siku, pamoja na vipimo vya hospitali. Kilicho tofauti ni nani anayeamua.

Mfano wa Kanungu

Mfano wa karibu unapatikana wilayani Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Watwa wa huko waliondolewa katika msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Mradi wa kimataifa unaojulikana kwa kifupi kama IHACC uliwaunganisha na Wainuit wa Aktiki ya Kanada na Washawi wa Amazoni ya Peru ili kuchunguza jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyogusa afya ya jamii za asili. Wanajamii walishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu na wahudumu wa afya katika kutaja vipaumbele vyao. Malaria, uhaba wa chakula na magonjwa ya kuhara vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa Kanungu.

Funzo kuu la kazi hiyo ni kwamba mvua na ukame havimpati kila mtu kwa kiwango kimoja. Msimu ukiharibika, mwenye shamba hupunguza mavuno, lakini asiye na shamba hukosa pia kibarua alichokitegemea kununulia chakula. Kwa hiyo ardhi si suala la mahakama peke yake. Ni suala la afya.

Kanuni zilizopo

Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili lilipitishwa Septemba 13, 2007, kwa kura 144 dhidi ya nne. Nchi 11 hazikuegemea upande wowote, zikiwemo Burundi na Kenya. Azimio hilo linatambua haki ya jamii hizo juu ya dawa zao za asili na maarifa yao ya jadi.

Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao za maadili ya utafiti, zinazomtaka kila mtafiti awe na heshima, uaminifu, haki na moyo wa kujali. Mwezi Mei 2023, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu afya ya watu wa asili.

Kinachohitajika

Kanuni hizo hazitoshi pasipo uwezo. Watoto wengi wa Kitwa huacha shule mapema kwa sababu ya umaskini na kubaguliwa, na utafiti hauwezi kuongozwa na jamii ambayo wasomi wake ni wachache mno. Pia kuna hatari ya jina tupu, ambapo kiongozi mmoja huitwa mkutanoni ili mradi uonekane umeshirikisha watu.

Kipimo chake ni rahisi. Baada ya utafiti kwisha, familia za wafinyanzi wa Gitega na Muyinga ziweze kuonyesha nakala ya matokeo, kuyaeleza kwa maneno yao, na kuyapeleka kwa viongozi wa kilima au tarafa zinapodai bonde la udongo, kituo cha afya au cheti cha mtoto.