Boito: Njia ya pendekezo la mwananchi hadi liwe uamuzi wa kaunti

WAKAZI wa Boito, katika eneo bunge la Konoin, kaunti ya Bomet, hawana baraza la jiji wala baraza la mji. Kituo chao cha biashara kimezungukwa na mashamba ya majani chai, na kila jambo linalohusu soko, taa za barabarani, leseni za maduka au barabara ya mtaani huamuliwa na serikali ya kaunti, iliyo na makao yake mjini Bomet.

Hali haikuwa hivyo kabla ya mwaka wa 2013. Wakati huo Konoin ilikuwa chini ya Baraza la Wilaya ya Bureti, mojawapo ya mabaraza yaliyoundwa chini ya sheria ya serikali za mitaa. Madiwani walikutana katika kamati, kisha wakakaa kikao cha baraza zima kikiongozwa na mwenyekiti, huku karani wa baraza akiandika kumbukumbu. Karani huyo hakuwa mwandishi tu. Aliajiriwa na serikali kuu, na mara nyingi ndiye aliyejua fedha zilipo. Bajeti ya baraza nayo haikuwa na nguvu hadi Waziri wa Serikali za Mitaa jijini Nairobi aiidhinishe.

Mwaka wa 1998 Bunge lilipitisha sheria ya hazina ya LATF, ambayo ilitenga asilimia tano ya kodi ya mapato kwa mabaraza yote nchini. Miaka michache baadaye serikali iliweka sharti kwamba baraza liandae mpango wa LASDAP, yaani liwaite wakazi wa kila wadi wachague miradi wanayoitaka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa wengi mashambani kuulizwa rasmi wanataka nini. Orodha zilikuwa ndefu, fedha zikawa haba, na miradi mingi ikaishia kwenye karatasi.

Mabaraza hayo yalivunjwa baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013. Boito sasa ni mojawapo ya wadi 25 za Bomet, na ni mojawapo ya wadi tano za Konoin pamoja na Mogogosiek, Kimulot, Embomos na Chepchabas. Kila wadi humchagua mwakilishi mmoja katika Bunge la Kaunti. Watu wangali wakimwita diwani, ingawa kazi yake imebadilika: diwani wa zamani alishiriki katika kuamua na pia kutekeleza, ilhali huyu wa sasa hutunga sheria, hupitisha bajeti na kumchunguza gavana.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha manung'uniko mengi. Diwani anapowasilisha hoja kwamba barabara ya kuelekea kituo cha kununulia majani chai ikarabatiwe, na wenzake wakaipitisha kwa kishindo, wakazi husherehekea. Lakini hoja ni pendekezo tu kwa serikali ya gavana. Haiambatani na fedha. Kinachofunga ni mswada, ambao gavana hupewa siku 14 autie saini au aurudishe na maelezo. Akiurudisha, bunge laweza kushikilia msimamo wake kwa thuluthi mbili ya wanachama.

Kwa mkulima mdogo wa chai, barabara si jambo la urembo. Majani yaliyochumwa asubuhi huanza kunyauka na kupata joto ndani ya gunia. Lori la kiwanda likikwama matopeni, majani huharibika na jasho la siku nzima hupotea. Mkulima huyo tayari analipa: enzi za mabaraza ya wilaya alitozwa ushuru wa mazao, na sehemu ya ushuru huo ilinuiwa kutengeneza barabara hizo hizo. Ni haki yake kuuliza barabara ya kwao imo katika bajeti ipi.

Jibu limo katika kalenda ambayo wachache huifuata. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka wa 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1. Taarifa ya sera ya fedha, inayoweka kiwango cha juu cha kila idara, hufika bungeni kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe huwasilishwa kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1.

Wananchi wengi hujitokeza mikutano ya mwisho inapoitishwa, mwezi wa Mei au Juni. Kufikia hapo mlango umekwisha kufungwa nusu. Kanuni za mwaka wa 2015 haziruhusu madiwani kubadilisha fungu la idara kwa zaidi ya asilimia moja ya kiwango kilichowekwa Februari, na wakiongeza mahali lazima wapunguze kwingine. Anayetaka daraja au taa za soko afaa kusema kabla ya Septemba, na asichelewe kupita Februari. Kwa maoni ya mwandishi huyu, maafisa wangelitangaza jambo hili kwa sauti kubwa kuliko wanavyotangaza mikutano ya Juni.

Kusikiliza wananchi si hisani. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye vikao vyake hadharani na kuwashirikisha wakazi. Mnamo Aprili 2014, Mahakama Kuu ilifutilia mbali sheria ya fedha ya Kiambu ya mwaka wa 2013, iliyoweka ada mpya, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo kaunti nyingine zimekuwa na hofu ya kupitisha ada kimyakimya.

Yapo pia mapendekezo yasiyo ya madiwani kuamua, hata wakiyajadili usiku kucha. Ukodishaji wa ardhi ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet ni mojawapo. Katiba ya mwaka wa 2010 ilipunguza muda wa asiye raia kumiliki ardhi hadi miaka 99, na mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilipendekeza mashamba hayo yapimwe upya. Kaunti yaweza kutoza kodi ya ardhi, lakini haiwezi kubadilisha hati.

Mkazi wa Boito asiyeridhika anaweza kuandika ombi rasmi kwa bunge la kaunti, haki aliyopewa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012. Akitaka kujua kama fedha zilizopitishwa zilitumika, ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutolewa kila robo mwaka, zikiwa na orodha ya matumizi ya kila kaunti.