Vikundi vya Maadili ya Kazi
Vikundi vya maadili ya kazi ni mikusanyiko midogo ya wafanyakazi wa hali moja, wanaosaidiana kuamua lililo jema katika ajira zao. Utaratibu wake mashuhuri, yaani kuona, kuamua na kutenda, ulikuzwa na padre Mbelgiji Joseph Cardijn (1882–1967), aliyeanzisha mwaka 1925 chama cha Vijana Wafanyakazi Wakristo, kiitwacho JOC kwa kifupi cha Kifaransa, nao uliidhinishwa na Papa Yohane XXIII katika waraka wa Mater et Magistra wa mwaka 1961. JOC iliingia Kongo enzi za ukoloni wa Ubelgiji. Kwa mfano, huko Naviundu, Lubumbashi, ambako mto wenye jina hilo umechafuliwa na metali za migodi, kibarua aliyeamriwa kumwaga mtoni maji ya kuoshea madini angeanza kwa kueleza kikundini jambo lenyewe lilivyo, wenzake wangelipima kwa Injili na kwa haki ya wanaotumia maji hayo, kisha wangekubaliana hatua moja inayowezekana. Kwa kuwa kikundi hakina mamlaka ya kuzuia mtu asifukuzwe, nguvu yake hutegemea umoja wa wanachama.