Tamasha Lisilo na Shamba: Malimau ya Menton, Maembe ya Guimaras na Machungwa ya Muheza

Kila mwaka, Februari inapoelekea Machi, mji wa Menton ulio kusini mwa Ufaransa, mpakani kabisa na Italia, hufanya sherehe ya malimau. Tani zipatazo 140 za malimau na machungwa hufungwa moja moja kwa vipande vya mpira juu ya fremu za chuma, mpaka zikawa tembo, majoka, mahekalu na minara. Magari yaliyovikwa matunda hupita barabara ya ufukweni huku bendi zikipiga, na katika majuma mawili hivi mji hupokea wageni zaidi ya laki mbili. Mabango ya sherehe hayasemi kwamba matunda hayo kwa sehemu kubwa yametoka Hispania. Limau la Menton lenyewe ni adimu, na ni ghali mno kutundikwa kwenye mkia wa joka.

Hakuna anayelificha jambo hilo, wala wenyeji hawalionei haya. Milima iliyo nyuma ya mji huukinga na upepo wa kaskazini, na kwa karne kadhaa wakulima walipanda milimau kwenye matuta yaliyochongwa miteremkoni. Mwaka 1859 daktari Mwingereza James Henry Bennet alikwenda huko kuuguza mapafu yake, akapata nafuu, akaandika sifa za majira ya baridi ya Menton, na matajiri wa Ulaya ya kaskazini wakamfuata. Hoteli zikaanza kugombea ardhi na milimau. Mwaka 1929 mwenye hoteli mmoja aliandaa maonyesho ya maua na matunda ya jamii ya michungwa katika bustani ya Hoteli Riviera. Yalipopendwa, mji uliyachukua, na mwaka 1934 yakawa sherehe rasmi. Tangu chimbuko lake, basi, sherehe hii ilikuwa ya watu wa hoteli, na shabaha yake ilikuwa kujaza vyumba. Baadaye baridi kali ya Februari 1956 iliua miti mingi ya pwani ile, ugonjwa wa ukungu uitwao mal secco ukaongezea, na kiwanja kinachotazama bahari kikafikia bei ambayo hakuna limau linaloweza kuilipa. Sherehe ilinenepa, kilimo kikakonda.

Nimeanza na Menton kwa sababu mipango mingi ya matamasha ya mazao katika nchi zetu huandikwa kana kwamba jambo la namna hii haliwezi kutokea. Hoja yake ya kawaida ni fupi: watu wakija, soko litakuja. Makala haya yanaipinga. Ninadai kwamba tamasha la matunda, likiachwa peke yake, haliwezi kuinua kilimo, na kwamba humfaa mkulima pale tu jina la tunda linapokuwa limefungwa na ardhi lilikoota, kwa kanuni na ukaguzi unaofanya kazi hata katika miezi ambayo hakuna ngoma wala jukwaa.

Hesabu ndogo itatosha kuonyesha udhaifu wa hoja ya soko. Tuseme wilaya imefanikiwa kuwaleta wageni elfu moja kwenye tamasha la machungwa, na kila mmoja akala matano na kuondoka na ishirini ndani ya mfuko. Hayo ni machungwa 25,000. Mchungwa uliokomaa na kutunzwa hubeba mamia ya matunda kwa msimu. Tukikadiria mia tano, wageni wote hao wamemaliza mazao ya miti hamsini. Kwa nafasi ya mita saba kati ya mti na mti, hata ekari moja haijaisha. Mauzo ya siku ya tamasha, kwa hiyo, ni kitu kidogo sana, hata umati uwe mkubwa kiasi gani machoni pa wapiga picha. Faida yake ya kweli, kama ipo, ni sifa: ile bei ya juu ambayo mtu aliye mbali, ambaye hakuhudhuria na wala hatahudhuria, atakubali kulipa kwa sababu amesikia jina. Na sifa ni mali inayoibika kwa urahisi. Dalali yeyote mwenye kalamu anaweza kuandika jina la wilaya juu ya kasha.

Ndiyo maana mfano wa Guimaras una uzito. Guimaras ni kisiwa cha Ufilipino chenye kilomita za mraba zipatazo 600, kati ya Panay na Negros. Kutoka mji wa Iloilo ni mwendo wa robo saa hivi kwa boti. Kilikuwa sehemu ya mkoa wa Iloilo hadi Mei 22, 1992, kilipopata kuwa mkoa kamili, na mwaka uliofuata likaanza tamasha la Manggahan, linaloadhimisha mkoa na maembe kwa pamoja. Hufanyika Mei, maembe yakiwa yamejaa. Kivutio chake kinachojulikana zaidi ni meza ambako mgeni hulipa kiingilio, kisha akala maembe apendavyo kwa dakika thelathini. Nusu saa, kwa mtazamo wangu, ni muda wa kutosha kumfanya mtu yeyote ajute.

Kinachonivutia zaidi hakipo kwenye meza hiyo, kipo bandarini. Ni marufuku kuingiza kisiwani embe au mche wa mwembe kutoka nje, na msafiri huambiwa hivyo anapoingia. Sababu ni fukusi wanaotaga ndani ya embe, mdudu ambaye mnunuzi hamwoni mpaka apasue tunda. Kisiwa cha Palawan, upande wa magharibi wa nchi hiyohiyo, kina fukusi wa nyama ya embe. Guimaras imejilinda, na ulinzi huo ndio ulioipa nafasi ya kukubaliwa katika soko la Marekani kabla ya maeneo mengine mengi ya Ufilipino. Kituo cha taifa cha utafiti wa maembe kiko hapohapo kisiwani. Wakulima hufunika matunda moja moja kwa karatasi yakiwa bado mtini ili nzi wasiyafikie. Mwaka 2023 maembe ya Guimaras yakawa zao la kwanza la Ufilipino kusajiliwa kwa kiashiria cha kijiografia, yaani jina ambalo mtu wa nje ya eneo hilo haruhusiwi kulitumia. Embe linaloliwa kwenye Manggahan haliwezi kuwa la Hispania, wala hata la kisiwa cha jirani. Sheria imelikataza lingine kabla mpishi hajanoa kisu.

Hata hivyo nisiipambe Guimaras kupita kiasi. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi Ramon Barba wa Ufilipino aligundua kwamba kunyunyizia potasiamu naitreti huufanya mwembe utoe maua nje ya msimu wake. Ugunduzi huo ulibadilisha kilimo cha maembe nchini mwake, lakini pia ulikifanya kiwe cha gharama: dawa, pampu, vibarua, karatasi za kufunikia. Mwenye miti michache nyuma ya nyumba hawezi kuzimudu, kwa hiyo humwachia mnyunyiziaji wa mkataba, ambaye hugharimia kila kitu na kuchukua fungu kubwa la mavuno. Tamasha linamsifu mkulima. Mgawo wa mapato unamtambua mwenye pampu. Kulinda jina kumeongeza thamani ya embe, ila swali la nani aichukue thamani hiyo ni jingine, na halijibiwi na karantini wala na ngoma. Menton nayo imejifunza sehemu ya somo, japo kwa kuchelewa: mwaka 2015, zaidi ya miaka themanini baada ya sherehe kuanza, limau la Menton lilipata ulinzi wa jina katika Umoja wa Ulaya, na wakulima wachache waliobaki sasa huuza kwa bei inayowawezesha kukarabati matuta ya zamani. Ulinzi wa jina ndio uliowapa nafasi hiyo. Magari ya matunda yalikuwa yamepita barabarani kwa miongo minane bila kuwapa.

Sasa tuitazame Muheza. Wilaya hii ya mkoa wa Tanga inajulikana Tanzania nzima kwa machungwa. Msimu mkubwa ukifika, karibu na katikati ya mwaka, malori hupakia kuelekea Dar es Salaam, na mengine huvuka mpaka kwenda Mombasa na Nairobi. Mara nyingi mnunuzi huyanunua yakiwa bado mtini: hulitazama shamba, hutaja bei ya jumla, na mkulima mwenye shida ya ada au ya msiba hukubali kabla tunda halijanona. Anayevuna ni mnunuzi, anayehesabu ni mnunuzi, na hasara ya matunda yaliyoanguka huingizwa kwenye bei tangu mwanzo. Yakifika mjini huwekwa juu ya toroli na kumenywa kwa kisu, na huitwa ya Muheza kwa kadiri muuzaji anavyoona inafaa. Jina lipo na lina nguvu. Halina mlinzi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa machungwa wanalijua vizuri kuliko wapangaji wa matamasha. Chungwa la nyanda za joto hukomaa likiwa na ganda la kijani, kwa sababu rangi ya kijani huondoka vizuri pale tu usiku unapokuwa na baridi. Mnunuzi wa duka kubwa aliyezoea machungwa ya njano kutoka Afrika Kusini huliona la Muheza kuwa bichi, ilhali ndani limejaa maji na sukari. Hapa tamasha lina kazi ambayo chombo kingine kingeifanya kwa shida: kumkatia mtu chungwa la kijani, alionje, aache kuliamini ganda. Kazi hiyo haihitaji umati. Wanunuzi thelathini wa hoteli na maduka ya Dar es Salaam, wakionja shambani kwa mwenyewe na kuondoka na namba yake ya simu, wangemfaa kuliko elfu tatu waliokuja kumsikiliza msanii wa muziki.

Lakini kabla ya kuonjesha kuna nzi. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya, na katika miaka michache akawa ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Hutaga mayai chini ya ganda, na funza mmoja katika kasha moja hutosha kuirudisha shehena nzima. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Umoja wa Ulaya badala ya kusubiri kufungiwa, na hadi 2021 mlango huo ulibaki umefungwa. Kaunti ya Makueni ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofanya kazi ya kuufungua: mitego ilitundikwa mashambani, wakulima wakahimizwa kuokota na kuzika maembe yaliyoanguka, na kiwanda cha Kalamba kikachukua sehemu ya mavuno ambayo yangeozea chini. Ni kazi isiyopendeza kwenye picha. Hakuna mgeni atakayelipa nauli kutazama shimo la maembe yaliyooza, na bila shimo hilo hakuna cha kumwonyesha.

Kuhusu utalii wa vijijini, Muheza ina bahati ambayo haijaitumia. Barabara ya kupanda Amani inaanzia hapo. Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na tangu 1997 misitu yake ya Usambara Mashariki ni hifadhi ya mazingira asilia. Watafiti, wanafunzi na watazama ndege hupita mashamba ya machungwa wakienda huko. Kinachokosekana ni sababu ya kusimama. Mfano wa karibu uko Zanzibar, kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na vijiji vya jirani, ambako mgeni huzungushwa akinusa karafuu na mdalasini, akimenyewa shokishoki au doriani kama ni wakati wake. Shughuli hiyo haina siku yake maalumu. Inaendeshwa mwaka mzima na njia inayopitika, choo safi, na kijana anayeujua mti kwa jina lake la kienyeji na la kisayansi. Utalii wa namna hii huingia shambani kidogo kidogo, na kwa sababu hiyo mkulima huweza kuuzoea na kuuwekea bei. Tamasha la siku tatu humletea wageni wasiojua mipaka ya shamba lake, kisha huondoka nao.

Atakayesema kwamba tayari tuna Nane Nane ana haki ya kujibiwa. Maonyesho ya kila Agosti yana faida yake, hasa kwa mbegu na zana, lakini yamejengwa juu ya viwanja vya kanda na mabanda ya taasisi, na mkulima huenda huko kuonyeshwa. Tamasha ninalolitetea linapaswa kuugeuza mwendo: mnunuzi ndiye atoke, afike shambani, aonyeshwe.

Kama wilaya ingetaka ushauri, ningeiomba isianze na jukwaa. Ianze na daftari la mashamba: nani ana miti mingapi, ya aina gani, yenye umri gani. Ifuate mitego ya nzi na mashimo ya kuzikia, kisha kipimo kimoja cha kuuzia ambacho mkulima na mnunuzi wote wanakikubali, ili lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, isiendelee kula faida. Usajili wa jina utahitaji sheria. Uganda ilitunga sheria yake ya viashiria vya kijiografia mwaka 2013, kwa hiyo hoja ya kwamba jambo hili ni la Ulaya tu haina mashiko. Kamati ya tamasha iwe na wakulima wengi kuliko maofisa, na mikataba ya kununua machungwa mtini isomwe hadharani, bei zikitajwa. Mwaka wa tatu au wa nne ndipo waalikwe wageni, na tarehe ipangwe kwa kupima utamu wa matunda yenyewe, si kwa kutazama ratiba ya mgeni rasmi.