Wigi za mitumba na balbu moja: mji mdogo uliojitengenezea usiku wake

Kuna sentensi moja ambayo kila kijana wa Nakuru, Eldoret, Kisumu, Nyeri ama Kakamega ameshaisikia, na pengine ameshaitamka mwenyewe: "Hapa hakuna form, maisha iko Nairobi." Unataka kuimba? Enda Nairobi. Unataka kupiga luku bila watu wa stage kukuangalia kama umetoroka sarakasi? Enda Nairobi. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji 2021, Eldoret ikafuata 2024, lakini hiyo sentensi bado iko palepale.

Leo nataka tuipime kwa historia ya mji mwingine mdogo, ulioko mbali sana na sisi lakini ambao nguo zake, bila utani, huenda umezivaa.

Mji wenyewe ni Athens. Si ule wa Ugiriki. Huu ni Athens ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kama kilomita 110 kutoka Atlanta. Huo ni umbali mfupi kuliko Nairobi hadi Nakuru. Miaka ya 70 mji huo ulikuwa na wakazi zaidi ya 40,000 hivi, na chuo kikuu kikubwa, University of Georgia. Wikendi ilikuwa ya mpira wa Kimarekani na pombe. Baa zilitaka bendi zinazopiga nyimbo ambazo watu tayari wanazijua. Kama ulikuwa na nyimbo zako mwenyewe, hapakuwa na mtu wa kukupa jukwaa. Inasikika kama mji wako? Ngoja.

Tuanze na nguo, kwa sababu wao pia walianzia hapo.

Athens ilikuwa na maduka ya nguo kuukuu, zile ambazo watu hupeana kwa makanisa na mashirika ya misaada. Katikati ya miaka ya 70 maduka hayo yalijaa vitu vya miaka ya 50 na 60: magauni ya shangazi, suti za plastiki plastiki, miwani ya ajabu, na wigi. Wanafunzi na vijana wasio na doo walinunua kwa sarafu tu. Hakuna aliyeziita mtindo wakati huo. Zilikuwa nguo ambazo watu wazima walikuwa wamezichoka.

Vijana watano kati ya hao waliamua kuunda bendi mwishoni mwa 1976: Kate Pierson, Fred Schneider, Keith Strickland, na Cindy Wilson pamoja na kaka yake, Ricky Wilson. Jina walilochagua, B-52's, lilitoka kwa mtindo wa nywele, zile nywele za wanawake wa miaka ya 60 zilizopandishwa juu kama mzinga wa nyuki, ambazo watu wa kusini walizifananisha na pua ya ndege ya kivita ya B-52. Kate na Cindy walipanda jukwaani na wigi za namna hiyo. Kwa hivyo hata kabla hujasikia noti moja, jina na vazi vilikuwa vimeshakwambia mzaha wenyewe: tumechukua kabati la mama zetu, na tunalivaa vile hawakutarajia.

Usichukulie huo mzaha kama mchezo tu. Wanaume wote watatu wa bendi hiyo walikuwa mashoga, katika mji wa kusini, miaka ya 70. Kuonekana tofauti barabarani kungeweza kukuletea kichapo. Ndiyo maana usiku wa mji huo haukuanzia kwa klabu. Ulianzia kwa keja za watu, ambapo unaingia na wigi yako na hakuna wa kukuuliza swali.

Shoo yao ya kwanza ilikuwa bash ya Valentine, tarehe 14 Februari 1977, nyumbani kwa marafiki. Hawakuwa na mpiga besi. Gitaa la Ricky lilikuwa na nyuzi pungufu kwa sababu alizitoa za katikati na kupiga zilizobaki kwa njia aliyojibunia. Ukimpa mwalimu wa muziki hiyo orodha atakwambia hapo hakuna bendi. Lakini waliokuwa sebuleni hawakuwa waalimu. Walikuwa marafiki waliokuja kucheza, na wakacheza.

Shikilia hilo neno, wakacheza, kwa sababu ndilo kiini cha hii hadithi yote. Desemba mwaka huohuo bendi ilipiga Max's Kansas City, klabu yenye jina kubwa New York. Mwaka 1978 wakatoa santuri yao ya kwanza, "Rock Lobster", kupitia DB Records, lebo ndogo ya Atlanta. Mwaka 1979 wakatoa albamu kwa kampuni kubwa. Lakini kabla New York haijawapigia makofi, kulikuwa na sebule ya watu ambao hawakungoja New York iwaambie kama ni vizuri. Walicheza kwanza. Sifa zilikuja baadaye.

Sasa najua mtu atasema: "Si waliondoka? Si walienda New York kama kila mtu?" Ni kweli, waliondoka, na sitajifanya kwamba mji mdogo uliwatosha. Cha kuangalia ni kilichotokea nyuma yao.

Usiku wa Halloween 1978, jamaa anaitwa Curtis Crowe alifanya bash kwenye chumba cha juu alichokuwa anakaa katikati ya mji. Mwanga ulitoka kwa balbu moja ya wati 40. Kwa mzaha, mahali pale pakaitwa 40 Watt Club. Mwaka 1980 ikafunguliwa klabu halisi kwa jina hilo, na ijapokuwa imehama majengo mara kadhaa, 40 Watt bado ipo mpaka leo. Yaani taasisi inayojulikana dunia nzima ilianza kama utani kuhusu balbu.

Crowe huyohuyo akawa mpiga ngoma wa Pylon, bendi iliyoanza 1979 na wanafunzi wa sanaa, Michael Lachowski na Randy Bewley, ambao hawakuwa wanamuziki kabisa. Mwimbaji wao alikuwa Vanessa Briscoe. Mpango wao ulikuwa wa kuchekesha: wapige New York, waandikwe kwenye gazeti la muziki, kisha wavunje bendi. Na waliowapigia debe huko New York ni walewale B-52's. Aliyetangulia alirudi kumvuta aliye nyuma.

Halafu tarehe 5 Aprili 1980, kwenye kanisa la zamani la St. Mary's lililokuwa limeacha kutumika kama kanisa, vijana wanne walipiga kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya rafiki yao. Mpiga gitaa, Peter Buck, alikuwa anauza santuri kwenye duka la Wuxtry. Mwimbaji, Michael Stipe, alikuwa mwanafunzi wa sanaa. Bendi hiyo ikawa R.E.M. Albamu yao ya kwanza, Murmur, ilitoka 1983 na jarida la Rolling Stone likaitaja albamu bora ya mwaka. Na R.E.M. hawakuhamisha makao. Ofisi yao ilibaki Athens hadi walipoachana 2011.

Piga hesabu basi. Kutoka sebule ya Valentine hadi kanisa ni miaka mitatu na miezi miwili. Waliofanya kazi hiyo ni keja za bei nafuu, shule ya sanaa iliyowazoesha watu kuonyesha kazi ambayo haijaiva, duka moja la santuri, nguo za sarafu, na kundi la watu waliokubali kuwa hadhira ya wenzao. Kila mmoja alikuwa msanii Ijumaa na shabiki Jumamosi. Hakukuwa na mfadhili, na hakukuwa na kaunti ya kujenga kituo cha talanta.

Lakini kuna sehemu ambayo hadithi hii huwa inarukwa, na tukiiruka tutakuwa tumedanganyana.

Athens haikuwa mji uliolala hadi wanafunzi weupe wakaja na wigi. Mwaka 1910, mfanyabiashara mweusi anayeitwa Monroe Morton alijenga jumba la maonyesho katikati ya mji, Morton Theatre. Lilikuwa moja ya majumba ya kwanza Marekani kujengwa, kumilikiwa na kuendeshwa na mtu mweusi. Ghorofani kulikuwa na ofisi za madaktari weusi. Kona hiyo iliitwa Hot Corner, na hapo ndipo watu weusi wa Athens walikuwa na biashara zao, maonyesho yao na usiku wao, miaka mingi kabla ya B-52's kuzaliwa. Chuo kikuu chenyewe hakikukubali wanafunzi weusi hadi Januari 1961. Na miaka ya 60, mtaa wa watu weusi wa Linnentown ulibomolewa ili chuo kipate nafasi ya kujenga mabweni.

Kwa hivyo mtu akisema "mji ulikuwa umekufa", uliza: umekufa kwa nani? Mara nyingi usiku ulikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuuandika.

Na hapa ndipo mambo yanarudi nyumbani.

Unajua nguo za yale maduka ya Marekani huishia wapi? Zinazouzika huuzwa kulekule. Zinazobaki hufungwa bale na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa nje, zikashuka Mombasa, zikafunguliwa Gikomba, zikafika Kibuye na kila soko unalolijua. Ile jaketi ya kamera uliyoamkia saa kumi na moja asubuhi kabla wengine hawajaifikia, inaweza kuwa imetoka kwa kabati la shangazi wa Georgia. Kwa maana ya kitambaa na uzi, sisi na vijana wa Athens tumevaa kutoka pipa moja.

Tofauti ni moja, na ni kubwa. Wao walipovaa kuukuu, walikuwa wanavaa zamani yao wenyewe. Walikuwa wanabishana na wazazi wao, wanawacheka na kuwapenda kwa wakati mmoja. Sisi tunapovaa koti la timu ya shule ya sekondari ya Ohio, tunabishana na nani? Hatuijui hiyo shule. Ni zamani ya watu wengine.

Sisemi uache mitumba. Mitumba imetuvisha, imelipa karo za wengi, na watoto wa masoko wana jicho la mitindo kuliko mtu yeyote wa duka la mall. Nasema tu tukumbuke kwamba tulikuwa na nguo zetu pia. Kisumu ilikuwa na kiwanda cha KICOMI. Eldoret ilikuwa na Rivatex. Miaka ya 90 soko lilipofunguliwa na mitumba kumiminika, viwanda hivyo viliyumba na kufungwa, ingawa Rivatex ilifufuliwa baadaye chini ya Moi University. Vitambaa vya wakati huo havikupotea vyote. Viko kwa sanduku la nyanya. Viko kwa ile picha ya studio ambapo babu amesimama na suruali pana chini, mkono mfukoni, akijifanya hajali. Suti ile ilishonwa na fundi wa mtaa. Hiyo ndiyo vintage yetu, na iko kwa nyumba yenu, bure.

Na babu hakuvaa vile kwenda shambani. Alikuwa anaenda mahali. Kulikuwa na ukumbi, kulikuwa na bendi ya benga ama rumba, kulikuwa na mtu aliyekanyagwa mguu kwa densi akaishia kuolewa. Muulize. Uliza ukumbi ulikuwa wapi, kiingilio kilikuwa pesa ngapi, nani alikuwa akipiga gitaa. Uliza sasa, kwa sababu hakuna maktaba iliyoandika, na wazee hawangoji tuwe na nafasi.

Athens inajulikana kwa sababu watu wake waliweka vitu. Vipeperushi, kanda, picha za bash. Mwaka 1987 kukatoka filamu nzima kuhusu bendi za mji huo, Athens, GA: Inside/Out. Lile kanisa la St. Mary's lilibomolewa 1990, ukabaki mnara wake tu, lakini kila shabiki anajua tarehe ya ile sherehe. Ricky Wilson alifariki 1985 kwa ugonjwa uliohusiana na UKIMWI, akiwa na miaka 32 tu, na bado leo kuna watoto wanaojifunza kutoa nyuzi za gitaa ili wapige kama yeye. Usiku uliowekwa kumbukumbu haufi haraka.

Kwa hivyo kabla hujapanda matatu ya Nairobi, angalia kama mji wako una vitu hivi: keja moja ambayo jirani hatapiga kelele sana, rafiki mmoja mwenye spika, mwingine mwenye nyimbo ambazo hazijaiva, fundi mmoja mwenye subira, na watu ishirini walio tayari kucheza kabla mtu wa Nairobi hajawaambia kama inafaa. Ukivipata, fanyeni Ijumaa hii. Zimeni taa zote, muache moja.

Na kabla hamjalala, mtu aandike tarehe.