Kichwamaji: riwaya ya msimulizi asiyeaminika
Kichwamaji, riwaya ya Mtanzania Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1974, haina mpelelezi. Hofu yake imo akilini mwa msimulizi, Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu. Dada yake, Rukia, anapopewa mimba na Manase, Kazimoto anaazimia kulipiza kisasi kupitia Sabina, dada wa Manase. Badala yake, anamwoa. Kisasi kiliishia wapi na mapenzi yakaanzia wapi? Anayeeleza ni yeye mwenyewe, na ushahidi wa mtu aliyekwishapanga hila hauna budi kupimwa neno kwa neno. Hata jina la kitabu, lenye maana ya mtu asiyeshaurika, ni onyo kwa msomaji. Mwishowe Kazimoto anajiua.