Neno "Algebra": Asili Yake na Uhusiano Wake na Mirathi

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Mwanafunzi mmoja wa darsa yetu, ambaye pia anasoma sekondari, aliniuliza: "Sheikh, hii algebra ni elimu ya Wazungu. Sisi tunaosoma fiqhi itatufaa nini?" Swali lake linastahiki jibu, kwani wenye dhana hiyo ni wengi.

Maana yake kilugha

Neno hili la Kiingereza, ambalo sisi tunaliandika aljebra, asili yake ni neno la Kiarabu al-jabr, yaani kuunga kilichovunjika na kukirudisha katika hali yake. Mzizi huo ndio uliotoa neno jabira, lile banzi au kitambaa anachofungwa aliyevunjika, na hukumu ya kupaka maji juu yake wakati wa kutawadha anaijua kila aliyesoma mlango wa tohara. Waingereza nao mwanzo walilitumia kwa maana hiyo hiyo ya kuunga mifupa, na Wahispania walimwita muunga mifupa algebrista. Katika karne ya 16 ndipo likathibiti kwa Kiingereza kuwa jina la fani ya hesabu.

Maana yake kiistilahi

Aliyelipa neno hili maana ya kihesabu ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun (813-833), katika kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala. Jabr kwake ni kukirejesha kilichopunguzwa upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini mjini Segovia, na jina likaingia Ulaya.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba takriban nusu ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Miongoni mwa masuala yake ni hili: Mtu amekufa, ameacha watoto wawili wa kiume, na ameusia thuluthi ya mali yake kwa mtu wa kando. Ameacha dirham 10 mkononi, na mtoto mmoja anadaiwa na baba yake dirham 10, naye hana cha kulipia ila fungu lake. Kila mmoja atapata ngapi?

Fungu hilo lisilojulikana Al-Khwarizmi aliliita "kitu". Mali basi ni 10 na kitu. Ukitoa thuluthi, zinabaki thuluthi mbili kwa watoto wawili, na kila mtoto anapata thuluthi moja. Kwa hiyo kitu ni sawa na thuluthi ya 10 na kitu, nacho ni 5. Aliyeusiwa atachukua 5, mtoto asiyedaiwa 5, na mwenye deni atahesabiwa 5 katika deni lake.

Asiyejua hesabu atampa aliyeusiwa thuluthi ya zile 10 tu, na hapo amekwishamdhulumu.

Ndiyo maana Imam Ghazali (aliyefariki 505 H/1111) katika Ihya aliihesabu elimu ya hesabu kuwa fardhi kifaya, kwa kuwa inahitajika katika miamala na katika kugawa wasia na mirathi. Mafungu ameyataja Allah Mwenyewe katika Surat An-Nisaa, aya ya 11, 12 na 176. Kilichobaki kwetu ni kuyafikisha kwa wenyewe bila kupunguza.

Basi nilimjibu kijana yule: shika daftari lako la aljebra, na uje nalo kwenye darsa ya faraidhi.

Wallahu aalam.